Mashine ya Raudha

Siku ya arobaini ya dada yake, Swalehe alisimama mbele ya ukoo pale Mnacho, wilayani Ruangwa, akaiweka mashine yake ya kupulizia mikorosho miguuni pa mpwa wake, Raudha. Kwa Wamwera mali ya mjomba huelekea kwa watoto wa dada, na Swalehe hakutaka wangoje afe ndipo waanze kuvutana.

"Kuanzia leo si yangu," alisema. "Asije mtu akadai Swalehe aliazimisha."

Wazee waliitikia. Raudha alilia kidogo, kisha akauliza salfa, dawa ya mikorosho, itapatikana wapi.

Ilikuwa mashine ya kisasa. Haikuvutwa kamba, ilitaka namba iliyotumwa kila siku kwenye simu ya Swalehe. Hilo halikumsumbua. Kila alfajiri angempigia Raudha kutoka kwake Marambo, wilaya ya Nachingwea, amsomee namba, naye apulize kabla umande haujakauka.

Raudha hakupuliza hata mkorosho mmoja. Aliingiza namba, taa ikabaki nyekundu, na kwenye kioo likatokea neno moja: IMEFUNGWA. Ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umeshaanza kuweka weupe kwenye maua.

"Mjomba, hiyo namba ni ya kweli?" aliuliza siku ya pili.

"Nikudanganye ili iweje?"

"Watu wanasema mama Imrani hakupenda iondoke nyumbani."

Mama Imrani alikuwa mkewe Swalehe, na ndiye aliyemfungia mashine ile kwenye pikipiki siku ya kuipeleka. Swalehe aliweka simu mfukoni. Aliwasha pikipiki, akaenda Nachingwea mjini kwenye duka la Gaudens, aliyemuuzia.

Gaudens alitazama simu yake kwa muda. "Mzee wangu, umeipeleka wapi mashine?"

"Mnacho. Nimempa mpwa wangu."

"Ndiyo maana. Imesajiliwa kwa jina lako, kwa kata ya Marambo. Nje ya hapo inajifunga."

"Nilimaliza kulipa. Siku ile ulinipa mkono, ukasema hata nikitaka kuzikwa nayo ni hiari yangu."

"Chuma ni chako, mzee. Kile kisanduku kinachoiwasha ni cha kampuni. Wewe umepewa ruhusa ya kukitumia, na ruhusa haihamishwi."

"Nani alikubali hayo?"

"Wewe. Kwenye simu kuna mahali pa kubonyeza."

"Sikubonyeza kitu."

Gaudens alishusha sauti. "Nilikubonyezea mimi. Ulikuwa na haraka ya kuwahi swala."

"Uliyasoma?"

"Nani anayasoma, mzee wangu? Ukitaka kulalamika, ofisi za kumtetea mlaji zipo. Watakusikiliza. Lakini swali la kwanza watakalokuuliza ni hilo la kubonyeza. Irudishe Marambo, itawaka."

Swalehe alikwenda Mnacho moja kwa moja. Alimkuta Raudha shambani, akamweleza yote kwa utaratibu: kisanduku, kata, ruhusa, Gaudens. Alijisikia akieleza, na akaona kwamba angekuwa yeye ndiye anayeelezwa, asingesadiki.

"Kwa hiyo kitu kimelipiwa chote, na mwenyewe hawezi kukitoa," Raudha alisema.

"Ndiyo."

"Mjomba, ungesema tu. Kwenye arobaini ya mama hakuna aliyekudai kitu."

"Panda nyuma twende. Tukiingia Marambo utaona kwa macho yako."

"Nikaone nini? Kwamba kwako inawaka? Hilo nalijua."

Raudha alikwenda kuitoa mashine ndani ya nyumba, akaifunga mwenyewe nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaujaribu mpira kama umekaza. Majirani waliokuwa wakifyeka waliacha kufyeka. Swalehe alitaka kuifungua aiache hapo hapo, lakini Raudha alikuwa ameshampa mgongo. Tangu azaliwe hakuwahi kumwacha mjomba wake aondoke bila kumsindikiza.

Swalehe alivuka mpaka wa wilaya, akapita mjini bila kusimama. Njia nzima taa ilikuwa nyekundu. Alipoingia kata ya Marambo alisikia mlio mwembamba mgongoni. Alisimama, akageuka. Taa ilikuwa ya kijani. Simu yake ikapokea namba mpya, pamoja na salamu za kumshukuru mteja.

Alimpigia Raudha papo hapo.

"Imewaka," alisema. "Nimeingia Marambo, imewaka yenyewe. Si nilikwambia?"

"Nimesikia, mjomba," Raudha alisema. "Basi pulizia. Mali yako hiyo."

Akakata simu.