Sikio la Mdogo Wangu

Sifichi: nilikuwa na kijiba cha roho. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye benchi la kinanda cha kanisa kuu, nabonyeza sauti moja moja, huku baba, fundi wake, yuko ndani kwenye mabomba anayarekebisha. Mimi nje nasema "bado", au "basi" sauti ikikaa sawa, maana ukiwa mle ndani kelele zinakuziba. Halafu mdogo wangu, kitinda mimba, karudi juzi tu kutoka masomoni, baba anamwambia, "Ingia, mwanangu, nikuone." Na mimi je? Mimi takataka?

Kinanda hicho kililetwa na meli, makasha arobaini, na babu ndiye aliyeyafungua. Mabomba elfu na ushee, mengine yanapita mlango kwa urefu, mengine madogo kuliko kalamu. Kimeozesha watu, kimezika watu. Fundi alikuwa babu, kisha baba. Sasa magoti ya baba yamechoka, na siku hiyo alikuwa anachagua wa tatu.

Mdogo wangu akaingia. Baba akakaa kiti cha mbele. Nikabonyeza. Bomba likalia chini kidogo, sauti inayumba, na yeye akaligonga taratibu likaanza kupanda. Mkono mwepesi huo! Roho ikaniuma mpaka nikaropoka: "Basi!"

"Dada, bado hiyo," akasema kutoka ndani, kaisikia hata katikati ya kelele zile.

"Nimesema basi!"

Nikamgeukia baba, nikijua ataniumbua.

"Imetulia kabisa," akasema baba. "Wewe mdogo huna sikio. Toka, dada yako aingie."

Mungu wangu! Sauti inayumba vile, na baba hasikii kitu.

Mdogo wangu akatoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akamtazama baba, akanitazama mimi, akaelewa yote. Angefungua mdomo tu, kazi ingekuwa yake, na baba angejua masikio yake yamekwisha.

"Kweli, baba," akasema. "Dada ndiye mwenye sikio."

Akanikabidhi vifaa, akakaa kwenye benchi langu. Nikaingia ndani, nikajifanya naanza upya, nikalishika bomba lile lile.

"Bado," akaniambia, bila ukali wowote. "Bado, dada. Haya, basi."

Kazi nimeipata. Lakini hata kwa wema kanishinda, na wivu huo sijui nitaupeleka wapi.