Mkono wa Kulia wa Erlinda Watua Manila

Walikodi jipni zima, basi dogo la abiria, ukoo mzima, kwenda uwanja wa ndege kumpokea Erlinda. Kiti cha dirishani walimwachia yeye. Bibi Pacing, mama yake, alipakata sufuria ya kuku wa siki, kaifunga taulo isipoe. Jovelyn, binti wa Erlinda, alivaa viatu vipya vilivyombana kidogo. Mama yake aliondoka kwenda Riyadh, kufanya kazi za ndani, yeye akiwa hajaota meno.

"Riyadh ni mbali?" aliuliza Jovelyn.

"Kilomita elfu saba na mia nane," alisema Mjomba Dodong, ambaye hajawahi kupanda ndege. "Saa tisa, kumi, inategemea upepo. Unakula mara mbili, unakojoa, umefika."

"Wewe! Mbele ya mtoto!" Bibi akamkemea.

Abiria wakatoka, wakatoka, wakaisha. Mwisho kikaja kitoroli chenye boksi lililofungwa kamba, kikisukumwa na mkono wa kulia wa Erlinda. Uliishia kiwikoni, safi, kama shati la mikono mifupi. Bibi aliutambua kwa kovu la pasi.

"Pasipoti?" askari wa mlangoni aliuuliza.

Mkono ukafunua kiganja. Kitupu.

"Anayo tajiri wako, eh? Haya, pita. Jana imekuja miguu miwili, tena ya watu tofauti."

Jovelyn akaushika, akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama mtoto anavyomwamkia mkubwa. Ulinuka dawa ya kufulia. Bibi akatazama kucha moja moja, zimelika hadi nyamani.

"Umekonda," akauambia.

"Ungekuja mdomo tungekulisha," alisema Dodong, na Bibi akamkata jicho.

Muda wa kwenda nyumbani haukuwapo. Ndege ya kurudi ilikuwa jioni ileile, maana kule mkono wa kushoto ulibaki peke yake, na kukamua mashuka kunataka miwili. Basi wakakaa pale pale kwenye benchi. Mkono ukafumua nywele za Jovelyn, ambazo Bibi huzisuka kombo, ukaanza upya. Bibi akausaidia kwa mkono wake mwenyewe wa kushoto. Walisuka polepole, bila kuvutana, kama zamani walipokuwa wakimenya vitunguu pamoja.

Msuko wa upande mmoja ulipokwisha, ndege ikaitwa.

Jovelyn alishika kidole kidogo mpaka mlangoni. "Mama mwenyewe atakuja lini?"

"Akirudishiwa pasipoti," alisema Bibi.

"Lakini si safari ya saa kumi tu?"

"Ndiyo, mwanangu. Saa kumi tu."

Njiani kurudi nyumbani wakaweka sufuria kwenye kiti cha dirishani. Bibi akatoa kitana amalizie upande wa pili, Jovelyn akasogeza kichwa.

"Acha, Bibi. Huo ni wa Mama."

Jumatatu akaenda shule hivyo hivyo, upande umesukwa, upande timutimu. Mwalimu akaita majina kama kawaida. Darasani mle walikuwamo wasichana wengine sita waliosukwa upande mmoja tu.