Mkoba Mgongoni mwa Ghislain

Upepo wa kwetu mwezi wa kumi haupigi, unasukuma. Unatoka baharini, unavuka tambarare nzima bila kukutana na kilima cha maana, na ukikukuta juu ya baiskeli unakusogeza pembeni kama mtu anayetaka kiti chako. Ndiyo maana mimi na kaka yangu Ghislain tukitoka Jumapili hatufuatani mstari mmoja. Yeye hukaa mbele, upande wa upepo. Mimi hujibanza nyuma ya bega lake la kulia, gurudumu langu la mbele likikaribia kugusa lake la nyuma, na humo ndimo ninamopumulia. Ukikaa hapo huoni mashamba. Unaona mgongo.

Jumapili ile mgongo wa Ghislain ulibeba mkoba, ule wa kitambaa wenye mkanda mmoja ambao wanamashindano hupewa njiani ukiwa na chakula. Ulijaa viazi.

Alikuwa ameviokota dakika chache kabla, shambani kwa mzee Wattelin. Mashine ikishavuna na mwenye shamba akishaondoka, kilichobaki juu ya udongo ni cha yeyote mwenye mikono. Ndivyo ilivyo kwetu tangu enzi za bibi wa bibi zetu, na mama hadi leo hanunui kiazi mwezi wa kumi. Angeona haya hata kukitazama dukani. Ghislain akaruka mtaro na viatu vyake vya baiskeli, akaanza kuzoa. Mvua ilikuwa imeshinda ikinyesha, na udongo wetu ukilowa hauachi kitu uchi. Kiazi, jiwe, kisiki cha mzizi, vyote unavivika koti moja zito. Kaka alizoa kwa vidole vilivyokufa ganzi, bila kutazama, huku akinipigia domo. Nilimwambia achukue vichache, yeye si punda. Akasema punda angalau hawajawahi kushindwa na dada zao. Nikamkumbusha nani alifika wa kwanza Jumapili iliyopita. Akajifanya hakusikia, akafupisha mkanda kwa kuufunga fundo kifuani ili mkoba usiyumbe, tukaondoka.

Ana miaka thelathini na minne, Ghislain, ana mke na mabinti wawili, na sijawahi kumwona akinyamaza ila akiwa usingizini.

Tulipita tao kubwa la matofali lenye majina ya waliokufa bila makaburi. Tulipita kichuguu cha kinu cha upepo kilichobomolewa. Hatukuvitazama, nani hutazama ukuta wa nyumba yake? Mvua ikarudi, nyepesi, ya kuingia shingoni. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, macho kwenye mkoba, nikayaona maji ya kahawia yakichuruzika kutoka kwenye kitambaa na kushuka kwenye kaptula ya kaka. Nilicheka peke yangu nikiwaza atakavyosemwa na mke wake, Maryvonne.

Kona ya chini ya mkoba ilikuwa imechanika. Tundu lenyewe dogo, la kupitisha vidole viwili. Kiazi kimoja kilikuwa kimejikita hapo kama kizibo, na mvua ilikuwa inakiosha. Udongo ukatoka upande mmoja. Chini yake hapakuwa na ganda la kiazi. Palikuwa na chuma, na chuma kile kilikuwa na mistari, wima na mlalo, iliyokigawa miraba kama kipande cha chokoleti.

Mtoto yeyote wa Somme, mkoa wetu huu wa kaskazini mwa Ufaransa, anakijua kitu hicho. Tunafundishwa picha yake kabla ya kufundishwa kuandika vizuri. Ardhi yetu bado inazaa chuma cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila wakilima wakulima huibua mabomu, huyalaza chini ya nguzo ya umeme iliyo karibu, hupiga simu, na wateguaji huja na gari lao. Wewe unapita na baiskeli yako, unayaona yamelala kwenye majani kama chupa za maziwa, unaendelea na hadithi yako. Mgeni kutoka Paris angeuogopa udongo ule, angekitazama kila anachookota. Sisi tumezoea. Kaka yangu alikuwa amezoa guruneti pamoja na viazi vya mama kwa sababu kwetu hakuna mtu anayetazama.

Moyo wangu haukudunda. Ulisimama, kisha ukaanza tena mahali pengine, kwenye masikio.

Tulifundishwa mambo matatu: usiguse, usisogeze, ita watu. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia la kufanya kama kitu kimeshasogezwa, kimefungwa kwa fundo kwenye mgongo wa ndugu yako, na mbele kuna barabara ya mawe.

Niliiona kabla ya yeye kuifikia: ile barabara ya zamani ya mawe yaliyochongwa, inayopita kando ya makaburi ya askari Waingereza hadi kanisani. Magurudumu yetu membamba yakipanda juu yake, hata meno hugongana mdomoni. Nikapiga kelele. Nikaliita jina lake kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

Na hapo nikaharibu. Sisi wawili, kila Jumapili, hushindana kwenye barabara ile ya mawe hadi kibao cha kanisa. Hakuna filimbi wala kuhesabu. Anayepiga kelele kwanza ndiye ameanza.

Ghislain alisimama juu ya pedali na kuondoka.

Sijui niwaelezeje. Niliiona ile tambarare ikifunguka kati yangu na yeye, na mkoba ukiruka juu ya mawe, ukianguka mgongoni, ukiruka tena. Kila ulipoanguka nilifumba macho. Viazi vilikuwa vinagongana mle ndani. Nilimwita asimame, na kila nilipomwita alizidi kukanyaga, maana ndivyo tunavyofanya, tunatukanana na kucheka hadi mwisho. Nikafunga mdomo. Nikabadilisha gea. Nilikanyaga kama mtu anayekimbia moto, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa naukimbilia.

Upepo ulikuwa wa ubavu, na sikuwa tena na mgongo wa kujificha. Mapaja yaliwaka. Upande wa kulia makaburi meupe yalikuwa yanapita, safu kwa safu, yote sawa, yamepangwa kama watoto wa shule. Nilijikuta nikiyaomba radhi, sijui kwa nini. Wote hao walikuwa na umri wa kucheza mpira.

Nilimfikia palipoanza ukuta wa matofali wa makaburi. Aliniona kwa jicho la pembeni, akatoa ulimi.

"Leo umekula nini, Tilde?"

Nilijileta sambamba naye, bega kwa bega. Nilitaka sauti yangu iwe tulivu. Ilitoka nyembamba, ya mtu mwingine.

"Kaka, usifunge breki. Acha tu kukanyaga."

"Eti nikuachie? Hilo sahau."

"Umebeba guruneti. Limo mkobani. Naliona."

Alicheka. Bila shaka alicheka. Hata mimi ningecheka. Kisha akageuka kunikejeli, akakutana na uso wangu. Sijui uso wangu ulikuwaje. Nilichokiona ni wake ukiondokwa na rangi kuanzia mdomoni.

Miguu yake ikasimama. Baiskeli zikaendelea zenyewe, zikitetemeka juu ya mawe, tik-tik-tik, polepole, polepole zaidi, na kila jiwe lilikuwa jiwe la mwisho duniani. Nilimwelekeza kwenye ukuta. Aliufikia kwa kasi ya mtu anayetembea, akanyoosha mkono wa kulia, akaegemea. Akasimama hapo juu ya baiskeli, hajashuka, kama picha.

Hakuweza kushuka. Pedali zetu hushika kiatu. Ili kuutoa mguu sharti upige kisigino kwa nje, kwa nguvu, na mwili mzima unatingishika. Nilimwona akikaza paja kutaka kufanya hivyo, kama alivyozoea. Nikamwambia hapana. Avifungue viatu na kuviacha vimeshikwa palepale.

Alinitii. Kaka yangu, ambaye hajawahi kunitii tangu nizaliwe, aliinama kidogo kidogo, akalegeza mkanda wa kiatu kimoja, kisha wa pili, akaichomoa miguu yake na kushusha soksi kwenye mawe yenye maji. Akaivuka baiskeli kama anavuka mtoto aliyelala. Akasimama wima, mikono imeachana na mwili.

"Ni kweli?" aliniuliza.

"Ni kweli."

"Pini inaonekana?"

Nilichungulia. Mvua ilikuwa imeosha zaidi. Niliuona wenzo wake, ule mkono wa chuma unaolala ubavuni, ambao ukiinuka bila pini guruneti hulipuka, na nusu yake bado ilikuwa ndani ya udongo. Mahali pa pini palikuwa na kutu tu, na tundu.

Nikamwambia haionekani.

Alinyamaza. Huo ndio ukimya ulioniogopesha kuliko chuma chenyewe. Halafu akasema, kwa upole ambao sikujua kama anao, "Ondoka, Tilde. Nenda pale kwenye njiapanda, piga simu. Mkoba nitauvua mwenyewe."

Ningependa kusema kwamba nilikataa. Miguu yangu haikuniuliza, iliondoka. Nilikuwa nimeshalifikia lango la makaburi kabla sijajua kwamba natembea. Hapo ndipo nilipogeuka nikaona anachotaka kufanya. Alikuwa amelishika fundo kifuani kwa mikono miwili, na fundo lililolowa halifunguki kirahisi, na nyuma yake mkoba unaning'inia kwa fundo hilohilo. Likifunguka, mkoba unaanguka. Hakuwa na mkono wa tatu.

Nilirudi. Nilirudi huku nikilia na kumtukana, yeye na viazi vyake.

"Mkaidi wewe," alisema.

"Nyamaza. Fungua."

Nilipita nyuma yake, nikaweka viganja vyangu chini ya mkoba, nikaubana kwenye mgongo wake. Ulikuwa mzito na wa baridi. Kidole changu cha katikati kililigusa lile tundu, nikakihisi chuma, mraba mmoja, ukingo wake. Sikukiondoa kidole. Niliogopa kwamba nikikiondoa kitu kitafuata. Kupitia kitambaa nilikuwa nazisikia mbavu za Ghislain zikipanda na kushuka, haraka haraka, kama za sungura.

Alivuta fundo kwa kucha. Likakataa. Alilitia mdomoni, akalitafuna. Nilimsikia akilitema, akilishika tena. Maji ya kahawia yalinipitia mikononi na kuingia kwenye mikono ya koti, na nikajua maji yale ni nini: ni ule udongo, unapungua.

"Usimwambie Maryvonne kwamba nilikuwa nacheka," alisema.

Mkanda ulilegea ghafla, ukateleza begani kwake, na uzito wote ukawa wangu.

Alitoka mbele yangu hatua moja, akageuka. Sasa angeweza kukimbia. Mtu wa soksi kwenye mawe hakimbii vizuri, lakini angeweza. Alibaki ananitazama mikono, si uso.

"Goti la kushoto," alisema. "Taratibu. Usiinamishe mgongo, shuka kwa magoti. Hivyo. La pili."

Ndivyo alivyonifundisha kuendesha baiskeli, kwa sauti hiyohiyo, uani kwa mama. Nilishuka. Nikaubana mkoba tumboni mwangu ili ushuke na mimi, pamoja. Nyasi za kando ya ukuta zikanigusa vifundo vya mikono. Nikaulaza. Ilibaki kukitoa kile kidole.

"Kimoja kimoja," alisema Ghislain. "Anza na kidogo."

Nilivitoa vyote. Hakuna kilichotokea. Upepo ulikuwa unasukuma.

Tulirudi kinyumenyume, tumeshikana kama wazee, hadi ukuta ulipoisha. Halafu tukageuka na kutembea, hatukukimbia, kwa sababu tulifikiri, sote wawili bila kuambiana, kwamba kukimbia kungeliamsha.

Tulipiga simu kutoka njiapanda. Askari walifunga barabara pande zote mbili, na wateguaji wakaja mchana. Mkubwa wao, mwanamke mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, alikwenda peke yake, akalala kifudifudi mbele ya mkoba kama mtu anayesoma gazeti. Aliporudi hakutugombeza. Alituuliza tulitoka nacho wapi, na kama tulipita juu ya mawe. Ghislain alisema ndiyo. Tulipita kwa kasi gani? Kaka akasema tulikuwa tunashindana.

Mwanamke akasema pini imeliwa na kutu zamani. Kilichokuwa kimeushikilia wenzo ni udongo ulioganda, na kiazi kimoja kikubwa kilichoukandamiza kwa upande wa ndani. Udongo wenyewe ulikuwa umebaki kidogo. Akaonyesha kwa kidole gumba na cha shahada, akavikaribisha hadi vikakaribia kugusana, kisha akavua glovu na kwenda kuandaa waya.

Walililipua palepale, wakiwa wamelizungushia mifuko ya mchanga ili kunusuru ukuta wa makaburi. Sauti yake haikuwa kubwa kama nilivyodhani. Ilikuwa fupi na kavu, kama mlango uliopigwa na mtu mwenye hasira. Kunguru wote wa tambarare wakaruka. Ghislain aliketi chini kwenye tope, akatapika kati ya magoti yake.

Waliturudishia baiskeli zetu. Hatukuzipanda. Tuliziburuta hadi nyumbani kwa mama, njia nzima, kaka akiwa na soksi zilizotoboka, kwa kuwa viatu vilikuwa bado vimeshikwa kwenye pedali na hakuna kati yetu aliyetaka kuvipiga kisigino. Nilitembea upande wa upepo. Kila baada ya muda nilimwona akiinua mkono wake wa kulia, taratibu, akaupeleka begani kuutafuta mkanda, akapapasa, akakuta koti lililolowa, akaushusha. Kisha tunakwenda kidogo, na mkono unapanda tena.