Mlio wa Kifua cha Shaweji

Usiku wa jana, kabla hata shuka halijapata joto, niliota nimechelewa kazini, na kiwanda kimehamia uani kwa mama mkwe.

Kazi yangu ya kweli ndiyo hiyo: nakagua vikombe vya udongo vikitoka tanuruni. Nakigonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kizima hulia ting'. Chenye ufa wa ndani hulia bu. Ufa huo macho hayauoni, unasikika tu.

Getini mlinzi alinionyesha tangazo: MKAGUZI AWE NA SIKIO KALI. Akaling'oa sikio langu, akalinoa kwenye jiwe, akalijaribu kwa kukatia kitunguu, akanirudishia. Nilimshukuru, maana kweli lilikuwa limeanza kuwa butu.

Ndani, msimamizi ni birika kubwa lililovaa aproni. "Dada Mwanahawa, leo mkanda wa kupitishia vikombe unakimbia," linasema huku mvuke ukilitoka. "Ukipitisha kibovu, kitamvunjikia mtu mkononi."

Nagonga. Ting'. Kikombe kinasema, "Shikamoo." Najibu marahaba. Kinachofuata kinalia bu, kisha kinaanza kubembeleza: "Shoga, mimi nitakaa kabatini tu, nitakuwa cha wageni." Nakitoa. Kinanisonya.

Mkanda ukaingia chumbani kwetu, ukazunguka kitanda, ukarudi. Safari hii umemleta mume wangu, Shaweji, amelala chali katikati ya vikombe, shati limefungwa mpaka kooni.

Mtu huyu anakohoa tangu Mfungo Mosi na hospitali hataki kuisikia. Ati ni vumbi la saruji. Habari za mficha maradhi nimemwimbia mpaka akaanza kuniitikia kibwagizo.

"Nipitishe, mama Siwema," ananong'ona. "Mimi mzima."

"Nyamaza nisikie."

Namgonga kifuani, upande wa kulia. Ting'. Nahamia kushoto.

Bu.

Vikombe vyote vinageuka kutazama pembeni. "Labda umekosea," linasema birika kwa upole. "Mtu akikosea mara moja, kiwanda hakifungwi."

Nilitamani kukosea. Nilitamani sikio lirudi kuwa butu. Nampenda mwanamume huyu, jamani, na ukaidi wake wote. Lakini sijawahi kupitisha kibovu nikijua, na sikuwa tayari kuanza na cha kwangu.

Birika linanipa chaki ya bluu. Namfungua vifungo, nachora duara pale palipolia vibaya, machozi yananidondoka mpaka kwenye mkanda.

"Sasa ndiyo unanitupa?" anauliza Shaweji.

"Vinavyotupwa ni vikombe," namwambia. "Wewe unaenda kutengenezwa."

Nikaamka. Msikitini walikuwa wanaadhini. Shaweji ameketi ukingoni mwa kitanda, shati wazi, anajitazama kwenye kioo changu cha mkononi. Kifuani, upande wa kushoto, kuna duara la bluu. Akalisugua kwa mate. Halikutoka.

Nikajikaza kwa ugomvi wa kila asubuhi. Nilikuwa na maneno yangu tayari mdomoni.

Shaweji akafunga vifungo vyake taratibu mpaka cha juu.

"Mama Siwema," akasema, "kadi yangu ya bima umeiweka wapi?"