Tanzia ya Insha ya Mzee Uweso

Mwaka elfu mbili na mbili Bi Benedikta, mhadhiri wa Kiingereza, aliwajia wanachuo wake na mapya. Kazi zote mtandaoni: kila mtu abandike insha yake, na kila mwenzake amtajie makosa matano. Wazo zuri, ila darasa lile lilikuwa na Mzee Uweso.

Huyu alikuwa karani wa kiwanda cha mkonge, akapunguzwa kilipobinafsishwa. Kiingereza kilishamwangusha mara moja. Akianguka tena, chuo basi. Akabandika insha. Vijana wakapanga foleni kwenye kompyuta za kukodi mtaani Ngamiani, wakamwandikia: "Shikamoo mzee, insha nzuri sana." Kumi na tisa, hakuna kosa hata moja. Nani amuumbue mtu mzima hadharani? Na mtihani ulikuwa wiki ijayo.

Ikabaki zamu ya Mize. Msichana yule alikuwa na mdomo, lakini vidole viligoma. Insha yenyewe balaa tupu, vitenzi vimetawanyika kama dagaa juani. Alimwonea huruma, kisha hasira zikampanda. Wallahi, wanamzika mzee wa watu kwa adabu zao!

Akamfuata kantini. "Shikamoo. Kwenu wapi, mzee?"

"Marahaba. Kigombe."

"Bi Mastura wa Kigombe unamjua?"

"Dada yangu yule. Baba zetu ndugu."

Mize akaangua kicheko. Akamwambia Bi Mastura ndiye bibi yake, mzaa mama. Kumbe huyu si mzee wa kuogopwa. Huyu babu, na babu ni mtani.

Akarudi kwenye kompyuta, akaandika tanzia kwa Kiingereza chake chote: insha ya mume wangu kikongwe imefariki, maiti ina majeraha ishirini na matatu. Akayataja moja moja, kila jeraha na dawa yake.

Kesho yake Bi Benedikta alimwita ofisini, uso umemvimba. Kumtukana mtu mzima mbele ya darasa zima! Angemfuta kwenye somo. Mara mlango ukagongwa. Mzee Uweso akaingia na ile tanzia kwenye karatasi, imejaa mistari ya kalamu nyekundu.

"Mwalimu, mke wangu usimguse," alisema. Bi Benedikta akakodoa macho. "Wale kumi na tisa wameniamkia tu. Huyu kanisoma."

Akavuta kiti, akamgeukia Mize.

"Haya, jeraha la kumi na moja sijalielewa."