Agizo la Dokta Hatem

Hakuna mtu ninayeshindwa kuiga sauti yake. Meneja, supavaiza, hata yule mama wa kantini: nikifungua mdomo, wenyewe wanaitika. Na sijawahi kushikwa.

Mimi ni soja wa mlangoni katika kliniki moja huko Al Mansoura, ughaibuni. Agosti ya 2012, joto lilikuwa limechosha hata eisii ya kupoza hewa. Gerishon, tunayelala naye chumba kimoja, alijikunja kitini, jino limemvimbisha shavu kama andazi. Jana alikuja, Dokta Hatem hayuko. Leo tena, Dokta amekwama barabarani, simu haishiki. Na basi la kambini lilikuwa karibu kuondoka, limpeleke kazini jangwani wiki nzima, mbali na dawa yoyote.

"Sista Milcah, si umpe tu dawa?" nikamwambia nesi. "Kule Nyamira si ulikuwa unatibu kata nzima?"

"Nilikuwa." Alivua glavu polepole, kama mtu anayevua viatu baada ya safari. "Huku sheria inasema nesi haandiki dawa. Nikiandika, leseni imeenda. Mpaka daktari aagize, hata kama ni kwa simu."

"Hata kwa simu?"

"Mwaura, nimechoka. Rudi mlangoni."

Nikaingia stoo ya mifagio, nikapiga simu ya kaunta. Dokta Hatem hukohoa kabla ya kila sentensi. Nikakohoa.

"Ehm. Sista, huyo wa jino mpe antibayotiki."

Nikamsikia Sista Milcah akihema.

"Gani, Dokta? Na kiasi gani?"

Kemia nilipata D. "Ehm. Ile nzuri. Ya kutosha."

"Na aleji je?"

"Ehm. Hiyo atameza jioni."

Akahema tena, pumzi ndefu ya mtu aliyesimama tangu alfajiri. "Sawa, Dokta. Unajua sheria: agizo la simu lazima lisikiwe na manesi wawili. Ngoja nimwite Nyaboke awe shahidi."

Hiyo sheria sikuijua. Nje, basi likapiga honi.

Mlango wa stoo ukafunguka. Nyaboke, nesi wa pili, alisimama hapo na simu yake mwenyewe sikioni, akinitazama mimi na yangu.

"Dokta Hatem yuko hewani," akasema. "Anataka kumwagizia Gerishon dawa. Anauliza ni nani huyo ameshikilia laini ya kaunta."

Nikakohoa.