Siku Dalali Alipofunga Mdomo

Dalali alikuwa na mdomo, na hakuna aliyewahi kumlaumu kwa hilo, maana mdomo huo ndio uliomjengea nyumba. Miaka nenda miaka rudi alisimama juu ya meza katika ukumbi wa mnada akiuza makabati yaliyolegea milango na majokofu yaliyosahau kugandisha, na watu wakaondoka nayo wakichekelea. Jibu alikuwa nalo kabla ya swali. Mkewe, ambaye ni mshonaji na hana maneno ya kupoteza, alikuwa akisema kwamba siku mumewe atakapozikwa, mdomo itabidi uzikwe kesho yake, ukishamaliza kuaga.

Kisha minada ikahamia kwenye simu. Watu wakaanza kununua makabati wakiwa wamejilaza kitandani, na hakuna anayemhitaji mtu wa kupiga kelele juu ya meza kama mteja mwenyewe amelala. Dalali hakuwa mjinga. Alijiandikisha chuo cha biashara, masomo ya jioni. Jambo hilo lingekuwa la kawaida tu, lau binti yake naye asingekuwa amejiandikisha chuo hichohicho, darasa hilohilo. Baba akakaa kiti cha mbele, binti akakaa cha nyuma, na walimu wakajifunza upesi kwamba swali lolote likitupwa katikati ya chumba, Dalali atalidaka.

Binti mwenyewe alikuwa mzito wa kusema. Si kwamba alikuwa na kigugumizi, wala si haya. Ukimuuliza kitu, hunyamaza, huangalia pembeni, na wewe unabaki hapo unaning'inia mpaka ujute kwa nini uliuliza. Tangu akiwa mdogo, baba yake ndiye aliyekuwa akilijaza lile pengo. Jirani akisema, "Hujambo, mtoto?" Dalali anajibu, "Hajambo, anaona haya tu." Siku moja zahanatini, daktari alimuuliza mtoto anaumwa wapi, na kabla hajafungua kinywa baba akasema ni tumbo. Akapewa dawa ya tumbo, akainywa mpaka ikaisha. Kumbe lilikuwa sikio. Hadi leo, mtu akiugua pale nyumbani, mama mtu husema, "Mwulizeni Dalali, yeye ndiye anayejua tumbo la kila mtu."

Lakini msimhukumu haraka. Alimpenda mtoto wake mno, na kila alipomwona amenyamaza mbele ya watu alihisi kama anamwona amekwama katikati ya barabara. Ni baba gani atakayesimama kando na kutazama?

Mwaka wa mwisho ikaja kazi ya kufuzu. Wanafunzi walipangwa wawiliwawili. Kila jozi ichague biashara inayoendeshwa kweli, itafute tatizo lake, imshauri mwenye biashara, kisha iitetee ripoti yake mbele ya mhadhiri. Baba na binti wakachukuana. Binti ndiye aliyechagua biashara: ya kukodisha viti na mahema ya sherehe, mali ya mwanamke mmoja anayeitwa na wote Mama Mahema, mwenye sauti ya kuweza kuliamrisha hema lisimame lenyewe. Tatizo lake halikuwa la kificho. Msimu wa harusi ukifika alikuwa akiwarudisha wateja kwa kukosa viti, na hali viti alikuwa navyo tele.

Dalali alikwenda kule mara moja. Akaliona lori moja likiingia na kutoka, akapiga vidole. "Lori la pili!" akasema, akarudi nyumbani kuandika. Binti yake alibaki. Akaendelea kwenda siku baada ya siku, anageuza kreti ya soda, anaikalia uani mbele ya ghala la viti, anatazama.

Jioni moja mezani akaanza. "Baba, kuhusu lile lori..."

"Bei, najua," Dalali akadakia. "Atakopa benki. Nimeshaandika."

"Si bei. Nilikuwa nataka kusema..."

"Dereva! Umenena, mama. Nitaongeza habari za dereva."

Alimwita mama kwa kuwa alirithi jina la bibi yake mzaa baba. Binti akaiangalia sahani yake. Mama mtu, aliyekuwa kwenye cherehani pale pembeni, akalizuia gurudumu kwa kiganja.

"Mume wangu, mwache mtoto amalize."

"Si kashamaliza?" akauliza Dalali, na aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

Mambo yaliharibika siku ya majaribio ya utetezi. Mhadhiri wao alikuwa mwanamke mfupi wa miwani, mpole, asiye na haraka na mtu. Akamuuliza binti swali, Dalali akajibu. Akamuuliza jingine, akataja kabisa kwamba linamhusu binti, na Dalali akajibu, tena kwa mifano. La tatu alimsogelea binti hadi mezani kwake. Dalali akajibu juu ya bega la binti.

Mhadhiri akaweka kalamu chini. "Mzee, nisikilize vizuri. Siku ya utetezi, ukimjibia binti yako hata neno moja, nitampa sifuri. Si kwa kumkomoa. Siwezi kukipa alama kichwa ambacho sijakisikia."

Sifuri maana yake ni kurudia mwaka. Njia nzima ya kurudi nyumbani Dalali alitembea kama mtu aliyeibiwa viatu. Maisha yake yote alikuwa amemwokoa mtoto huyu kwa mdomo, na leo anaambiwa mdomo huohuo ndio utakaomzamisha.

"Mama, sitatoa hata kikohozi," akaapa.

Binti akatembea hatua kadhaa. "Sawa, baba," akasema mwishowe.

Asubuhi ya utetezi mkewe alimtilia peremende mfukoni, zile kubwa za mnanaa zinazokataa kuyeyuka. "Ukishikwa, tia moja mdomoni," akamwambia. "Jikaze kisabuni. Na ukumbuke, kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Huo mshindo ndio ninaouogopa," akasema Dalali.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, chenye ubao mweupe uliofutwa nusunusu na feni iliyokuwa ikilalamika darini. Mama Mahema alikuwa amealikwa. Alikaa mbele, mkoba mapajani, amependeza kama anayekwenda mahali baada ya hapo, na kweli alikuwa anakwenda. Ripoti alikwisha kuisoma na muuza malori alikuwa anamngoja mchana ule aweke saini.

Dalali akawasilisha sehemu yake. Hapo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Aliliuza lile lori la kwenye karatasi hadi ungedhani unausikia muungurumo wake nje ya dirisha. Mama Mahema alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Dalali akakaa, akatia peremende mdomoni, akaikalia mikono yake yote miwili.

Mhadhiri akamgeukia binti. "Lori la pili likija, nini kitabadilika?"

Binti akanyamaza.

Dalali alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu matano, yote matamu, yamejipanga ulimini kama wateja dirishani. Feni ikazunguka na kulalamika. Mama Mahema akakohoa, akasogeza mkoba. Binti aliangalia pembeni, kwenye kona ambayo haikuwa na kitu. Peremende ikamgonga Dalali meno, na kwa mara ya kwanza alijua maana ya kumeza maneno, maana yalikuwa yanamkwaruza koo. Sema, mama, aliomba kimoyomoyo. Sema lolote.

Kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kufanya, akamtazama usoni.

Hapo ndipo jambo lilipotokea, ingawa kwa mtu mwingine chumbani hakuna kilichotokea. Miaka yote hiyo, binti yake aliponyamaza, Dalali alikuwa akimtazama aliyeuliza. Alikuwa akipima subira ya mgeni, aibu ya mgeni, mashaka ya mgeni. Uso wa mwanawe katika pengo lile hakuwahi kuuona hata siku moja. Sasa aliuona. Macho yalikuwa yanakwenda taratibu kutoka kitu hadi kitu, kana kwamba lile ghala lilikuwa pale konani na yeye anapita ndani yake. Midomo ilijaribu neno, ikalikataa, ikajaribu lingine. Paji la uso lilijikunja, likajikunjua. Hakuwa amekwama mahali popote. Alikuwa kazini.

Kumbe hapakuwa patupu! Miaka yote Dalali alikuwa akikimbilia kujaza mahali ambapo palikuwa pamejaa tayari, akimwaga maneno yake juu ya mawazo ya mtu kama anayemwaga maji kwenye chungu kinachochemka. Aliogopa hata kuitafuna ile peremende asije akamshtua.

"Hakuna," binti akasema.

"Hakuna nini?" akauliza mhadhiri.

"Hakuna kitakachobadilika. Lori halichelewi, mwalimu. Lori linasubiri." Alisema polepole, kila neno likisimama kwa miguu yake. "Viti vinarudi vichafu, vina matope, vina mabaki ya chakula. Vinarundikwa uani vioshwe. Pale kuna bomba moja tu, na vikishaoshwa vinaanikwa vimerundikana, kwa hiyo havikauki. Kila siku niliyokwenda, ghalani viti safi vilikuwa vichache, na uani palikuwa na mlima. Dereva alikuwa analala kwenye lori. Wateja wanarudishwa kwa sababu viti vimelowa, si kwa sababu havina usafiri. Lori la pili litatuletea viti vichafu haraka zaidi. Na madereva waliolala watakuwa wawili."

Mama Mahema alipasua kicheko, kisha akakikatiza kikiwa nusu, maana alijiona mwenyewe uani kwake.

"Kwa hiyo unashauri nini?"

Akanyamaza tena. Safari hii Dalali hakuomba chochote. Alitazama tu, kama siku ile alipomwona mtoto huyuhuyu akisimama dede na kuachia ukingo wa kiti.

"Aongeze mabomba, na vichanja vya kuanikia. Halafu aangalie tena. Huenda akahitaji lori baadaye. Hilo sijui bado."

Sijui! Dalali hakuwahi kulitumia neno hilo kazini maisha yake yote, na sasa akalisikia limesemwa bila woga wala aibu, na chumba kizima kikazidi kumwamini aliyelisema. Alistaajabu jinsi neno dogo namna ile lilivyoweza kubeba uzito wote ule.

"Lakini ripoti hii ina majina yenu wawili," mhadhiri akasema, "na inataka lori."

"Ndiyo." Akaiangalia ripoti. "Sura hiyo aliiandika baba. Nilijaribu kumwambia."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Dalali angejua la kufanya, maana hasira inajibika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa ya mahali alipozaliwa. Neno hilo likamwingia baba hadi mahali ambapo kelele zake zote za mnadani hazikuwahi kufika.

"Mungu wangu," akanong'ona Mama Mahema, ameukumbatia mkoba. "Na mimi mchana huu nilikuwa naenda kuweka saini."

Mhadhiri aliandika kwa muda. "Alama zako nimeziweka, binti," akasema, "na ziko mbali sana na sifuri." Kisha akamgeuzia Dalali miwani yake. "Mzee, sasa zamu yako. Swali hili huwa la kila mtu, na alama zake ni za kwako peke yako. Katika kazi hii, wewe mwenyewe umejifunza nini?"

Jibu lake alikuwa amelikariri wiki nzima mbele ya kioo. Alijifunza umuhimu wa ushirikiano, uongozi bora na matumizi mazuri ya muda. Kila mwanafunzi wa chuo kile alijifunza hayo matatu, kwa mpangilio huohuo, na kila mmoja alifaulu. Yalimpanda hadi ncha ya ulimi. Akayatazama pale yalipo, akaona ni makabati yaliyolegea milango, akayaacha.

"Mwalimu," akasema, na sauti ikamtoka ndogo hadi binti yake akageuka. "Naruhusiwa kumuuliza yeye swali kwanza?"

"Utetezi ni wako."

Dalali akakigeuza kiti chake kizima, kikakwaruza sakafu, mpaka mhadhiri akabaki nyuma ya mgongo wake na Mama Mahema akabaki ubavuni. Jozi iliyofuata ilikuwa imeshafungua mlango, inachungulia. Hakuiona. Alikwisha kusahau kabisa kwamba alikuwa anafanyiwa mtihani.

"Mama," akasema, "kuna nini kingine ulichojaribu kuniambia?"

Binti akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu kuliko mara zote, na macho yake yakaenda mbali kupita ile kona, kupita ghala na lori, yakarudi nyuma miaka na miaka. Watu wazima watatu wakamngoja, na mmoja wao hakuwahi kumngoja mtu yeyote tangu azaliwe.

"Ni mengi, baba," akasema.

"Anza na la zamani kuliko yote."